Hesabu Ukumbini kwa Shangazi Tatu

Alikuwa mke mwenzangu. Nawajibu kabisa kabla hamjafungua mdomo, maana naona mnavyokonyezana: kibibi cha baibui kimetoka Keko huko, kimefuata nini kwenye msiba wa Kikristo Sinza, tena kimekalia kiti cha mbele, tena kimeomba chai mara ya pili. Basi ndiyo hivyo, mke mwenzangu. Mume mwenyewe hatukumpata, si yeye si mie, lakini wivu niliumaliza wote kwake. Hata wake wenza wa kweli niliokuja kuishi nao baadaye, nyumba moja, jiko moja, hawakupata kitu, ghala lilikuwa tupu. Huyo mliyempamba kwenye picha, miwani puani, maua pembeni, mie namjua hana miwani wala mvi, anakuja kwetu na baiskeli, magoti yanapanda na kushuka kama wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja. Leo kijana wa suti kashika kipaza sauti, kasoma wasifu: "Marehemu alizaliwa. Marehemu alisoma. Marehemu alifundisha. Marehemu alistaafu." Kama kondakta anayetaja vituo. Keko hakuitaja. Nikangoja, nikasema labda atarudi nyuma, wapi, kashafika kwenye wajukuu. Na nyuma yangu kuna mama mmoja analia kuwashinda wote, "Mwalimu waanguu, Mwalimu waanguu," nikageuka nikamtazama juu mpaka chini, nikasema moyoni, na huyu naye wa lini? Uzee wote huu, na wivu bado umo. Mnaona?

Mwaka wenyewe, Mwingereza yupo bado, Keko si hii ya makochi yamepangwa barabarani. Mafundi walikuwepo, lakini wachache, na nyuma ya nyumba zetu mikorosho. Mie nakaa kwa Shangazi Tatu, nimeshaposwa. Kaniposa Kassim, karani wa ofisi moja mjini, mrefu, shati jeupe limepigwa pasi ya mkaa mpaka kola inaweza kukata muhogo. Shule mie sikwenda, hata mlango wake siujui, kwa hiyo mtu aliyesoma nilikuwa namwona kama aliyetoka mbinguni jana. Na Kassim alikuwa na neno lake, lazima aliweke. "Bi Tatu, ofkozi nimechelewa kidogo." "Mwanahawa, ofkozi chai hii inanuka moshi." Nikawa namwigiza bombani, wenzangu wanaachia ndoo zifurike. Lakini nilimpenda, wallahi. Akiingia uani nasikia viatu vyake kabla mbwa hajavisikia. Doti zangu za kanga ziko sandukuni, mpishi wa pilau keshaambiwa, kinachongojwa ni kitu kimoja: Kassim anasoma kwa posta, kuna mtihani wa hesabu unatoka Ulaya, akishaufanya tu, ndoa. Mtihani kwanza, mke baadaye. Ndivyo alivyosema, na sie tukakubali.

Sasa siku moja kaja, kakaa barazani, anazungushazungusha kofia. Akamwambia Shangazi kwamba hesabu zimefika pagumu, na kuna mwalimu mmoja anafanya mtihani ule ule, wakisoma pamoja watasaidiana, lakini yeye chumba chake ni kimoja na kitanda kimekijaza, haipendezi. Anaomba ukumbi wetu, Jumamosi mchana. Shangazi Tatu kinywani ana tambuu, alikuwa nayo tangu kuzaliwa nadhani, akiongea unasikia kama mtu aliye ndani ya mtungi. "Mwalimu mwanamme?" Kassim akatazama chini. "Mwanamke, Bi Tatu. Wa bara." Shangazi akatema, akapangusa mdomo, akatoa hukumu. "Mlango wa mbele wazi, mlango wa uani wazi. Mwanahawa akae katikati yenu, asiondoke hata nyumba ikiungua. Na Kizungu sitaki. Mie nitakuwa hapa barazani, nataka kila neno nikilisikia nijue ni neno gani. Mtu akimtongoza mwanamke kwa Kizungu ndani ya ukumbi wangu, nitakwenda kumshitaki kwa nani?" Kassim akacheka, akaona utani. "Bi Tatu, hesabu hizi hazina Kiswahili." Shangazi akasema, "Zitakuwa nacho."

Na zikawa nacho. Hapo ndipo nilipoponzeka, maana kama wangesema Kizungu chao ningekuna nazi zangu nikiwaza harusi. Jumamosi ya kwanza Mwalimu Eliwaza akaja kutoka Kinondoni, alikokuwa akikaa na kaka yake, kaendesha baiskeli njia yote, vumbi mpaka kwenye kope. Mwanamke! Juu ya baiskeli! Watu wa Keko wakatoka nje. Akaiegemeza ukutani, akapiga magoti mbele ya Shangazi, "Shikamoo mama," na Shangazi aliyekuwa kajiandaa kumchukia ikabidi aseme marahaba. Mie akanisalimu kwa mkono, mkono mgumu kama wa mpagazi. Tafadhali yake alikuwa akiisema "tafazali", na maneno anayapanga mojamoja, hayakimbilii popote. Akavua viatu, akakaa upande huu wa meza ndogo, Kassim upande ule, mie katikati juu ya mbuzi, kifuu mkononi, nazi inaingia kwenye sinia, krr, krr, krr. Nilikuwa mlinzi. Mchumba wangu kaniletea mwanamke nyumbani, na mie nimewekwa kuwalinda wasifanye kitu. Hebu niambieni kuna kazi gani ya wivu kuliko hiyo.

Kitu chenyewe walikiita mfululizo wa vipeo. Wakati ule nililichukia jina hilo kama jina la mke mwenza. Mnajumlisha, mnajumlisha, hamfiki mwisho, na kila kinachokuja kina ile eksi imejizidisha mara moja zaidi. Eksi ni namba ambayo hujaamua bado. Shida ya watu wale wawili, Jumamosi mpaka Jumamosi, ilikuwa hii: ukiweka namba gani mahali pa eksi, jumla inatulia mahali pamoja, na ukiweka ipi inatawanyika? Kutulia, neno hilo ni la Eliwaza. Kassim alitaka neno kubwa, akatafuta kwenye dari, akakosa. Eliwaza akasema pole pole, "Tuseme inatulia." Na macho yakakutana juu ya kichwa changu. Nazi ile niliikuna mpaka nikakuna na kifuu, wali wa siku ile ukawa na mchanga mweusi.

Mie sikuwa naelewa, lakini sikio langu halitupi kitu. Kufika Jumamosi ya tatu hivi niko bombani nawaonyesha wenzangu. Nakuwa Kassim, kidevu juu: "Ofkozi, mchukue jirani wa mbele, mgawe kwa jirani wa nyuma yake, ukipata kidogo kuliko moja, inatulia. Basi. Nusu kipenyo tumekipata. Funga daftari." Halafu nakuwa Eliwaza, shingo naiinamisha kidogo, mikono nimeiweka mapajani: "Tafazali, Bwana Kassim. Na ncha? Umezipima ncha?" Halafu Kassim tena, anapunga mkono kama anayefukuza nzi: "Ofkozi upande huu kama upande ule." Halafu Shangazi kutoka barazani, ndani ya mtungi: "Ncha za nini huko?" Wanawake walikuwa wanakaa chini kabisa kwenye matope kwa kucheka. Kila wiki wananingoja. Nilikuwa nacheka nao, na huku ndani naungua, kwa sababu mchezo ule niliuonyesha vizuri kwa kuwa nilikuwa nautazama kwa jicho la mtu anayeibiwa.

Maana hebu fikirini. Mie Kassim akiniambia neno, ni chai, ni pasi, ni kifungo kimekatika. Yule anamwuliza, "Umefikaje hapo?" na anangoja jibu. Anangoja! Nimekaa kwa wanaume wawili maisha yangu, Mungu awarehemu, hakuna hata mmoja aliyeniuliza nimefikaje mahali. Na Kassim akiulizwa vile na Eliwaza shavu linamcheza, anatoa jasho kwenye mdomo wa juu, anamkodolea macho akiandika. Nikasema ndiyo hivyo, kanasa. Nikaanza vita yangu. Kigoda kibovu nampa yeye. Chai yake sitii sukari. Siku moja nikamtilia pilipili kwenye mchuzi wa papa, pilipili mbuzi nzima nimeiponda, nikakaa kumtazama. Akala. Machozi yanateremka, anakula. Akamaliza, akalamba kidole, akasema, "Dada Mwanahawa, mnapika vizuri huku pwani, nitaomba na ya nyumbani." Nikamfungia. Nilikwenda uani nikaupiga teke ukuta wa choo, kidole hiki hapa, mpaka leo kimepinda.

Halafu akafanya jambo ambalo sikumsamehe kwa muda mrefu: akanigeukia. Kassim alikuwa anaandika, yeye kamaliza zamani, akanitazama na mbuzi yangu, akasema, "Dada, nikikupa kibaba cha mchele leo, kesho nusu kibaba, kesho kutwa nusu ya ile nusu, na kila siku nusu ya jana, mpaka kiama, utapata vibaba vingapi?" Nikamwambia kwa jeuri, kama siku hazina mwisho mchele utakuwa wa kufungulia duka. Akasema, "Havitazidi viwili. Kila siku nakupa nusu ya kile kilichobaki kutimia viwili." Nikauona ule mchele. Naapa niliuona, unakaribia ukingo wa kisaga, vibaba viwili, na haumwagiki. Akasema, "Sasa tubadili. Kibaba, halafu nusu, halafu theluthi, halafu robo, halafu sehemu ya tano, ya sita, hivyo hivyo." Nikasema, mjanja mie, "Nao hautazidi, unapungua tu." Akatikisa kichwa. "Huo utajaza pishi, utajaza gunia, utajaza nyumba ya mama Tatu. Theluthi na robo pamoja zinapita nusu kibaba. Zile nne zinazofuata, pamoja zinapita nusu tena. Nane zinazofuata, nusu tena. Kila ukichoka kupima, kuna nusu nyingine iko njiani." Nilikataa. Nikamwambia huo ni uchawi wa kwenu mlimani. Akacheka, akasema, "Basi nikupe kibaba, nikunyang'anye nusu, nikupe theluthi, nikunyang'anye robo, nikupe, nikunyang'anye. Huo je?" Nikasema huyo namjua, huyo ni mwanamme akitoa matumizi. Shangazi akacheka barazani mpaka tambuu ikampalia. Eliwaza akasema, "Huo unatulia. Mchele ule ule, vipimo vile vile, na huu unatulia."

Na hapo, bila mtu kunifundisha, nikajua ncha ni nini. Ule mfululizo wao ulikuwa na katikati yake, na uzio umeuzunguka, nusu kipenyo huku na nusu kipenyo huku. Ndani ya uzio weka namba utakayo, jumla inatulia. Nje ya uzio inatawanyika kama vifaranga walioona mwewe. Lakini juu ya uzio penyewe, nguzo ya kulia na nguzo ya kushoto, kile kipimo chao cha jirani kwa jirani kinakuwa bubu. Hakisemi ndiyo, hakisemi siyo. Kila nguzo uiendee kwa miguu yako, uiulize peke yake. Huku mchele unafurika nyumba, huku ni kupewa na kunyang'anywa na unatulia. Nikawa nimesimama na kifuu mkononi. Kassim akainua kichwa, sauti kali, "Mwalimu, tunapoteza muda na huyu." Nikaumia, nikasema, anaona wivu kwa kuwa Mwalimu kaacha kuzungumza naye akazungumza na mie. Nilikuwa sahihi kuhusu wivu. Nilikosea wivu wa nini.

Ilikuwa hivi. Walikuwa wanatuma majibu yao Ulaya kwa meli, yanarudi yamesahihishwa. Jumamosi moja kila mmoja kaja na yake yamerudi, ya mwisho kabla ya mtihani, wakayatandaza mezani. Mie sijui kusoma lakini wekundu naujua. Karatasi ya Eliwaza nyeupe, ina mstari mmoja mwekundu juu kabisa, akausoma, akaweka mkono juu yake kama anayeficha kovu. Ya Kassim ilikuwa kama mtu kachinjia kuku juu yake, na kila penye damu ni mahali pamoja, chini, mwisho wa jibu, kwenye ncha. Swali la kwanza, ncha. La pili, ncha. Eliwaza hakumcheka. Akasema, "Hii tutairudia, ni kidogo tu imebaki." Kassim akasema, "Ofkozi msahihishaji kanionea." Halafu akamtazama Eliwaza, yeye kainama anatafuta kalamu, hamwoni, akaitazama karatasi yake, akamtazama mkono, akamtazama kisogo. Na mie nikiwa katikati nikaliona lile jicho. Nililijua. Ningekosaje kulijua, ndilo nililoamka nalo asubuhi. Lilikuwa jicho la pilipili kwenye mchuzi. Mwaka mzima nimedhani anampenda, kumbe alikuwa anamwonea wivu, kama mie, kigoda kimoja tumekalia wawili.

Mnadhani nilifurahi? Nilifurahi, sana. Nikasema nimepona, mume wangu huyu hapa, hana mtu. Nikapakua wali kwa furaha, samaki nikampa Eliwaza kichwa, chenye mafuta, bila pilipili. Shangazi akaingia kutoka barazani, tukakaa mkekani wote wanne, na karatasi zao Kassim kaziweka kando ya goti lake. Tunakula. Kassim akasema, anatabasamu, "Mwanahawa, nimesikia bombani unamwigiza Mwalimu. Hebu mwigize, tucheke." Nikaona aibu, nikatamani niende na maji. Eliwaza akaacha kutafuna. "Unaniigiza mimi?" Kassim akasema, "Ofkozi, Keko nzima wanakucheka, hujui? Haya Mwanahawa, tafazali, tafazali." Kalisema yeye, vibaya, hakulipata. Na mie hicho ndicho kilichoniuma, kwamba kalisema vibaya. Nikainamisha shingo, nikaweka mikono mapajani. "Tafazali, Bwana Kassim. Na ncha? Umezipima ncha?" Kassim alicheka peke yake, kwa nguvu, anapiga goti. Halafu Eliwaza akaanza, taratibu, mabega yanamtikisika, akacheka mpaka akashika ukuta. "Aisee ni mimi! Mama Tatu, ni mimi kabisa!"

Shangazi akasema, "Na bwana harusi je?" Ningenyamaza. Lakini nilikuwa nimeshapanda jukwaani, na watu watatu wananitazama, na mmoja wao ni mtu niliyetaka anicheke vizuri. Nikainua kidevu. Nikafukuza nzi. "Ofkozi upande huu kama upande ule." Nikachukua karatasi ya hewa, nikaitazama, nikaona damu yote ile, nikafuta jasho kwenye mdomo wa juu: "Ofkozi msahihishaji kanionea." Shangazi akatema wali. Eliwaza akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili, akachelewa.

Mkono wa kulia wa Kassim umejaa mchuzi. Akanyoosha wa kushoto, akachukua karatasi, si yake, ile nyeupe ya Eliwaza, akajifutia. Kidole kimoja, halafu kingine, halafu kiganja, halafu akaikunja akapangusa na mdomo, akaiweka kwenye sinia la miiba ya samaki. Akanitazama, sauti ya chini, sauti ambayo sijawahi kuiigiza popote mpaka leo. "Siku utakayoingia ndani kwangu, mdomo huo utapumzika." Shangazi Tatu, ambaye hakuna mtu duniani aliyewahi kumkosesha jibu, akashusha macho kwenye mkeka, maana mchumba ni mchumba, na mpishi keshaambiwa. Mie nikaanza kukusanya vyombo. Mikono yangu ilianza yenyewe, nasema kweli, ilishajua ni mke.

Eliwaza akanawa. Akamshukuru Shangazi kwa chakula. Akavaa viatu, mkanda huu, mkanda ule, karatasi hakuigusa, Kassim hakumtazama kabisa, kama vile pale alipokaa pana kiti. Akatoka mpaka kwenye baiskeli, akaishika usukani, halafu akairudisha ukutani, akaingia tena ndani na viatu vyake mpaka juu ya mkeka, mbele ya sinia, mbele ya Shangazi, mbele yake mwenyewe yule bwana, akaniambia mie nimebeba vyombo:

"Mwanahawa, usiolewe na huyu."